Tawakali ya Msafiri, Bili ya Jamaa

Mwezi Septemba 1856 Seyyid Said bin Sultan alipanda merikebu yake, Victoria, katika bandari ya Maskati, safari ya Unguja. Umri wake ulikuwa miaka 65 na njia hiyo alikuwa ameizoea. Imesimuliwa kwamba safari ile, kinyume na ada yake, aliamuru zipakiwe mbao za kutengenezea jeneza, na akausia kwamba atakayefariki njiani asitoswe baharini. Tarehe 19 Oktoba, merikebu ikiwa jirani na visiwa vya Shelisheli, aliyefariki akawa ni yeye. Mwanawe Barghash, aliyekuwa naye chomboni, akamfikisha Unguja na kumzika usiku.

Yako mengi ya kuulizwa kuhusu usiku ule, hasa na wanaofuatilia ugomvi wa kiti cha usultani uliokuja baadaye. Kuhusu mbao, wasimuliaji huzitaja kama alama ya mtu aliyehisi siku zake zimekaribia. Hawazitaji kama upungufu wa imani.

Leo njia ile ni ya ndege, saa tano na ushei. Anayesimama kwenye foleni ya abiria wa Unguja katika uwanja wa ndege wa Maskati huwatambua jamaa wenye kwao huku na kule kabla hawajafungua mdomo. Wamebeba haluwa, ubani wa Dhofar, nguo za watoto na mfuko mdogo wa dawa za presha anazopelekewa shangazi. Wanaorudi huleta papa mkavu, embe na shelisheli. Ni safari ya kwenda nyumbani kutoka nyumbani, na pengine ndiyo sababu wengi wao huiona bima ya safari kuwa jambo la watalii. Wakala wa safari kule Ruwi akiitaja tu, jibu lipo tayari, na hutolewa kwa upole kabisa: bima ya nini, mwanangu, Mungu si yupo?

Jibu hilo lina uzito wake na si la kuchekwa. Ndani yake mna maswali mawili ambayo wanavyuoni wameyashughulikia kwa muda mrefu. La kwanza ni la moyo: je, anayejikinga na gharama ya ugonjwa ambao haujampata amepungukiwa na tawakali? La pili ni la mkataba: je, kununua ahadi ya kulipiwa jambo ambalo huenda lisitokee ni biashara ya halali, au ni jamaa ya kamari?

Serikali hazikusubiri majibu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni asiye raia wa Tanzania anayeingia Zanzibar hutakiwa kukata bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar: dola 44 kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto, na muda wake ni siku 92. Inagharimia matibabu ya dharura, kumhamisha mgonjwa, kurudisha maiti, hata hasara ya mizigo iliyopotea. Mwenye pasipoti ya Oman huilipa hata kama bibi yake amezikwa Unguja na kiwanja cha babu kingali kwa jina la ukoo. Manung'uniko yapo, na mtu anaweza kuyaelewa, maana dola 44 zinamwambia kwamba yeye ni mgeni pale anapopaita kwao. Anayekwenda Ulaya kwa viza ya Schengen hudaiwa bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, sharti lililoanza mwaka 2004. Oman yenyewe, ilipofungua tena viwanja vyake vya ndege tarehe 1 Oktoba 2020, iliwataka wageni wawe na bima ya kugharimia matibabu ya Uviko-19 kwa mwezi mmoja. Na anayekwenda Umra, safari ya ibada tupu, tangu mwaka huo wa 2020 huambatanishiwa bima ndani ya viza ya Saudia, ambayo matibabu yake ya dharura hufika hadi riyali 100,000 za nchi hiyo. Basi hata mgeni wa Mwingi wa Rehema huingia Makka na bima yake, na wengi hawajui kuwa wanayo.

Sharti la serikali humwondolea msafiri uamuzi, ila halimwondolei swali. Mtu anaweza kulipa dola 44 kwa sababu mlango haufunguliwi bila hizo, na moyoni akabaki na wasiwasi. Wengine huona afadhali kulipa na kutoidai kamwe, ili wawe wamejitoa katika jambo hilo.

Katika kuwatoa watu wasiwasi, mawakala wa bima wa mataifa ya Kiislamu wana hadithi wanayoipenda kuliko zote, ile ya mtu aliyemuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kutawakali, akaambiwa amfunge kisha atawakali. Imo katika mkusanyo wa Tirmidhi na karibu kila Mwislamu anayejua Kiswahili ameisikia msikitini. Tatizo ni kwamba haikai sawasawa mahali hapa. Kamba humzuia ngamia asipotee. Bima haizuii kiharusi, haizuii gari kupinduka kwenye barabara ya Salalah, wala haimfanyi mzamiaji wa Nungwi apande juu taratibu. Kinachofanana na kamba ni mkanda wa gari, chanjo, dawa ya presha inayomezwa kwa wakati. Aliyenunua bima na asiyenunua wataugua sawasawa.

Kisa kinachofaa zaidi ni cha mwaka wa 18 wa Hijra, sawa na 639. Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa njiani kwenda Sham, na alipofika Sargh akapata habari kwamba tauni, ile inayoitwa ya Amwas, imeenea huko. Akataka ushauri, watu wakahitilafiana, mwisho akaamua kurudi. Abu Ubaida bin al-Jarrah, amiri wake huko Sham, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akakubali kwamba anakimbia, ila akasema anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, kisha akampigia mfano wa mchungaji anayechagua kati ya bonde lenye majani na bonde kavu. Kisa hiki husimuliwa mpaka hapo kikakatwa. Kina mwisho wake: Abu Ubaida alirudi kwa watu wake Sham na tauni ikamuua, na hakuna aliyewahi kumshusha daraja kwa hilo. Wote wawili walitawakali, huyu kwa kurudi na yule kwa kubaki.

Kwa hiyo moyo una nafasi. Mwenye kuamini kwamba yeye binafsi hahitaji kujikinga ana mtangulizi mtukufu. Lakini yako mambo mawili katika habari ya Abu Ubaida ambayo msafiri wa leo hana: alikuwa na dhamana ya watu waliokuwa wakimtegemea kule kule kwenye tauni, na hakumwachia mtu yeyote bili.

Hapa ndipo mjadala wa Maskati unapopaswa kuhamia, na mara nyingi hauhamii. Bima ya safari haiulizi kama utaugua. Inauliza ukiugua nani atalipa. Swali la kwanza ni kati ya mja na Mola wake, la pili ni kati ya mja na waja wenzake, na katika elimu ya dini haki za waja zina mlango wake peke yake. Mtu anaweza kusamehe chake. Hana mamlaka ya kusamehe cha mwingine.

Tuseme mzee wa miaka 70 kutoka Wete, Pemba, amekuja Maskati kwa viza ya matembezi kumwona binti yake anayekaa Mabela. Alipoulizwa habari ya bima kabla ya kusafiri, alisema ametawakali, na ndani ya nafsi yake alikuwa mkweli. Siku ya tisa, baada ya sala ya Alfajiri, mkono wa kulia unakataa kuinuka na maneno yanatoka yamepinda. Inapigwa 9999, gari la wagonjwa linafika, na mzee anapokewa. Kwa raia wa Oman hospitali za Wizara ya Afya ni karibu bure. Kwa mgeni wa matembezi kila kitu kina bei yake, picha ya ubongo, kitanda cha mahututi, dawa, usiku mmoja na mwingine. Akipelekwa hospitali binafsi, huenda jamaa wakaombwa amana kabla hajapandishwa wodini. Mkwe anatoa kadi ya benki. Kadi inaisha nguvu siku ya tatu. Kaka aliye Dubai anatuma alichonacho, dada wa London anaahidi mwisho wa mwezi, na jioni ujumbe unaanza kuzunguka katika makundi ya WhatsApp ya watu wa Pemba, watu wa Unguja, waliosoma pamoja, waliokaa mtaa mmoja.

Mzee alikuwa na bima muda wote. Bima yake ilikuwa mkwe, na mkwe hakuulizwa.

Jinsi dini inavyolichukulia deni, wasomaji wa vitabu vya hadithi wanaijua. Ililetwa maiti ili Mtume aisalie, akauliza kama marehemu ana deni. Akaambiwa ana dinari mbili, akajitenga na sala ile, mpaka Abu Qatada alipojitokeza akasema deni hilo liwe juu yake. Kisa hakikuishia kwenye sala. Siku iliyofuata Abu Qatada akaulizwa dinari mbili zimefikia wapi, na alipokwisha kuzilipa ndipo alipoambiwa kwamba sasa marehemu amepata nafuu. Baadaye, milango ya riziki ilipofunguka, Mtume mwenyewe alichukua jukumu la kuwalipia waumini waliokufa bila cha kulipia madeni. Hatua hizo mbili zina mafunzo yanayokwenda pamoja: deni la dinari mbili si dogo, na jumuiya ikiwa na uwezo ina wajibu wa kulibeba. Anayenukuu nusu ya pili peke yake, akasema watu watachanga, ameruka nusu ya kwanza.

Michango yenyewe haistahili kudharauliwa. Ndiyo bima ya zamani zaidi ya watu wa Afrika Mashariki, na ina sifa ambazo kampuni haziwezi kuzinunua. Haina herufi ndogo. Haimwulizi mgonjwa kama alikuwa na sukari kabla ya safari. Wanaochanga ndio hao hao wanaokuja na uji wa mtama hospitalini, wanaokaa na mgonjwa usiku, wanaomwosha akifa. Katika Maskati, ambako walioondoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964 na walioitikia mwito wa kurudi Oman baada ya 1970 walifika na masanduku mawili matatu, michango ya namna hiyo ndiyo iliyojenga arusi, msiba na hata biashara za mwanzo.

Ila michango humjua anayejulikana. Mwana wa ukoo mkubwa akilazwa, fedha hutimia kabla ya Isha. Msichana wa Kampala au wa Mombasa aliyekuja kufanya kazi za ndani, asiye na ami wala binamu mjini, akianguka akiwa nje ya kinga ya mwajiri wake, huchangiwa na wenzake ambao mishahara yao ni midogo kama wake. Huruma ya ukoo ni kubwa, lakini ina mipaka ya ukoo.

Na jambo hili la kubebana si geni kwa sheria ya Kiislamu. Katika desturi ya Waarabu wa kale, iliyothibitishwa na Uislamu, mtu akiua kwa bahati mbaya diya haikulipwa naye peke yake, ililipwa na akila yake, jamaa zake wa kiumeni. Wanavyuoni wa leo wanaotafuta asili ya bima ya ushirika huanzia hapo. Kinachovutia zaidi ni alichokifanya Umar alipoanzisha diwani, daftari la askari wanaopokea posho. Kwa mujibu wa wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi, aliihamisha akila kutoka ukoo kwenda kwa walioandikwa katika diwani moja. Miji ya Kufa na Basra ilikuwa imejaa watu wa makabila mbalimbali walio mbali na kwao, na ukoo hausaidii pale usipokuwepo. Kuanzia hapo kubebana kukawa kunaweza kutegemea jina lililo daftarini, na watu wasiojuana wakawa na wajibu juu ya mwenzao. Ni hatua kubwa kuliko inavyosemwa.

Mabaharia wa Sur na Maskati nao walikuwa na lao. Dhoruba ikipamba moto na nahodha akaamuru mizigo itoswe ili chombo kiokoke, hasara haikumwangukia mwenye mzigo uliotoswa pekee. Mafakihi walijadili jinsi wenye mizigo iliyosalimika watakavyoshiriki kufidia. Muhammad bin Umar al-Kinani, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kitabu kizima juu ya kukodi vyombo vya baharini na ugomvi unaozaliwa humo. Kwa watu walioishi kwa kaskazi na kusi, wazo la kwamba hasara ya mmoja hugawanywa kwa wote waliomo chomboni halikuletwa na Wazungu.

Lililoletwa na Wazungu ni mkataba wa kampuni: lipa kiasi hiki leo, ukipatwa nitakulipa, usipopatwa fedha ni zangu. Mwanachuoni wa Damascus, Ibn Abidin, aliyefariki mwaka 1836, ndiye anayetajwa kuwa miongoni mwa wa mwanzo kuujadili, pale wafanyabiashara wa nchi yake walipoanza kuwalipa Wazungu ili wawadhamini mizigo baharini. Aliukataa. Mwaka 1961, pia Damascus, wanavyuoni walikaa kuujadili upya: Mustafa al-Zarqa akautetea kwa nguvu, Muhammad Abu Zahra akaupinga kwa nguvu zile zile. Mwezi Desemba 1985 Baraza la Kimataifa la Fikihi, lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, lilikutana Jeddah na kuamua kwamba bima ya kibiashara yenye malipo maalumu ina gharari kubwa inayoharibu mkataba, na kwamba badala yake iwekwe bima ya ushirika, iliyojengwa juu ya kuchangiana na kusaidiana.

Hiyo ndiyo takafuli. Washiriki hutoa mchango kwa nia ya tabaruu, sadaka yenye sharti, ukaingia katika mfuko ambao ni wao. Kampuni huuendesha kwa ujira unaojulikana. Mgonjwa hulipiwa kutoka mfukoni humo. Ikibaki ziada, yaweza kurudishwa kwa washiriki. Ukipungukiwa, kampuni huukopesha bila riba. Nchini Kenya kampuni ya Takaful Insurance of Africa ilianza kazi mwaka 2011. Oman ilipata sheria yake ya takafuli kwa Amri ya Kifalme namba 11 ya mwaka 2016, inayotaka mfuko wa washiriki utenganishwe na mali ya wenye hisa na kila kampuni iwe na kamati yake ya sharia. Kampuni mbili za Maskati, Al Madina Takaful na Takaful Oman, zilikwishaingia njia hiyo kabla. Mwenye shaka na bima ya kawaida hakosi pa kwenda, wala hakosi wa kumwuliza. Mufti wa Oman tangu 1975, Sheikh Ahmed bin Hamad al-Khalili, ni mzaliwa wa Unguja, na kipindi cha maswali na majibu ya dini katika televisheni ya taifa kimekuwa kikipokea maswali ya miamala kwa miaka mingi.

Wako wanaosema takafuli ni bima ile ile iliyovishwa kanzu. Katika baadhi ya mahali wana hoja, hasa pale ziada isipoonekana ikirudi kwa mtu. Lakini hoja ya wanavyuoni wa Jeddah kuhusu gharari inafaa isomwe tena, maana ni ya kimaisha kuliko inavyodhaniwa. Gharari ni kununua usichokijua. Na hicho hasa ndicho kinachowaliza watu mbele ya dirisha la madai.

Fungua hati yoyote ya bima ya safari, upite ukurasa wa kwanza wenye tarakimu nono, ufike kwenye orodha ya yasiyolipwa. Ugonjwa uliokuwepo kabla ya safari, haulipwi isipokuwa umetajwa na kukubaliwa. Aliyepita umri fulani, hapokelewi au analipa nyongeza. Ajali ya pikipiki kwa asiye na leseni, hailipwi, na wageni wanaokodi vespa Unguja na kuelekea Paje wajue hivyo. Safari iliyofanywa kwa ajili ya matibabu, haihusiki kabisa. Kwa hiyo Mwomani anayekwenda Mumbai au Bangkok kufanyiwa upasuaji asidhani bima ya safari itamlipia upasuaji huo. Kuna kiasi cha mwanzo ambacho mgonjwa hujilipia mwenyewe. Kuna namba ya simu ya kupigwa kabla ya kulazwa au muda mfupi baadaye, na asiyeipiga hujitia katika mabishano. Yote haya huandikwa kwa Kiingereza au Kiarabu cha mawakili, na husainiwa na mtu mwenye haraka ya kwenda kupima mizigo.

Mzee wa Wete ana kisukari na presha. Wengi wa umri wake wanavyo. Hati isiyomlipia chochote kati ya hivyo humwachia mlango mwembamba sana, na kiharusi chake cha Mabela huenda kikahesabiwa kuwa mtoto wa presha ile. Mafakihi waliokataa mkataba wenye giza, na binti anayeambiwa dai la baba yake limekataliwa, wanalalamikia kitu kimoja.

Lawama haziko upande mmoja. Anayeificha sukari yake kwenye fomu ili alipe kidogo amefanya ghushi, na katika takafuli amewaghushi washiriki wenzake, watu ambao fedha zao ndizo zitakazomtibu. Ni ajabu kuona mtu anayechunga sana asiingie katika riba akiweka alama ya "hapana" mbele ya swali la presha, na vidonge vyake viko mfukoni.

Kuna gharama ambazo hata ukoo mpana hauziwezi. Hospitali ya Mnazi Mmoja inahudumia mengi, lakini baadhi ya wagonjwa wazito wa Zanzibar huvushwa hadi Dar es Salaam, na wengine huhitaji kusafirishwa mbali zaidi wakiwa wamelala, na daktari pembeni. Huduma ya madaktari wa ndege ya Amref, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1957, imejenga jina lake kwa kazi hiyo. Ndege ya wagonjwa ya kuvuka bahari hugharimu maelfu mengi ya dola, na mara nyingi hairuki mpaka mtu au kampuni imethibitisha malipo. Usiku wa namna hiyo ujumbe wa WhatsApp huwa mwendo wa kobe.

Maiti ina hesabu yake. Mwislamu akifariki Maskati, kwa kawaida huoshwa, husaliwa na kuzikwa huko huko bila kuchelewa, na wanavyuoni wengi hawapendi maiti isafirishwe mbali bila haja. Kipengele cha kurudisha maiti katika hati yake kwa kawaida hakitumiki. Kwa familia ya Kikristo ya Kisumu au Masaka mambo ni tofauti: mwili ni lazima urudi, ulazwe kwenye ardhi ya ukoo, na michango hupigwa kwa wiki kadhaa ilhali marehemu yuko kwenye jokofu. Ni vyema mnunuzi ajue anachokilipia kinamfaa vipi mtu wa dini yake.

Hoja moja ya wapinzani haijajibiwa, nayo ni nzito kuliko ile ya tawakali. Wanasema: tukishakuwa sote na hati, nani atamwona mgonjwa? Msafiri katika Qurani, ibnu sabili, ana fungu lake la zaka, la nane katika mafungu manane ya sura ya Tauba. Mafakihi wanamweleza kuwa ni aliyekatikiwa na mali yake njiani, ingawa kwao ni tajiri. Sharti lao maarufu ni kwamba safari isiwe ya maasi. Hawakuweka sharti la busara. Kwa hiyo mzee aliyekataa bima ya dola chache naye ni ibnu sabili, na hakuna wa kumwambia amejitakia. Atapewa.

Hapo hapo pana hesabu ambayo wanaoshughulika na zaka na sadaka Maskati huifanya kila mara. Fedha iliyopo ni moja. Kila mgonjwa aliyekuwa na uwezo wa kujikinga akifikishwa mbele yao, yule msichana wa kazi asiye na jamaa anasogea nyuma katika foleni. Bima ya wenye uwezo, kwa namna hii, haiuui moyo wa kuchanga. Inauachia nafasi pale ambapo hakuna kingine. Na kumzuru mgonjwa hakuna kampuni iliyowahi kukuuza wala kukuzuia.

Baadhi ya familia zimeshapata njia ya kupita bila kumbishia mzee itikadi yake. Watoto ndio wanaonunua. Humwuliza dawa anazotumia, wakaziandika zote kwenye fomu, wakalipa nyongeza ya kisukari na ya umri, wakamsomea masharti kwa Kiswahili, na namba ya simu ya dharura ikaandikwa kwa kalamu nene nyuma ya tiketi. Akisema Mungu yupo, humwitikia kuwa ni kweli, baba, yupo, na hii tumemkatia mkwe wako.